Nilimpeleka binti yangu Uhuru Park 2010 akaone katiba ikizaliwa, sasa ananiuliza mbona namfungia geti

Mama Wawili (mleta uzi), Nakuru

Wadau habari za jioni. Mnivumilie huu uzi ni mrefu na mimi sio mtu wa kuandika, huwa nasoma tu za wenzangu napita kimya. Leo imenishinda.

Iko hivi. Agosti 2010, ile Ijumaa ya tarehe 27, siku Rais Kibaki alisaini katiba mpya Uhuru Park, Nairobi, mimi nilikua huko. Sio kwa tivii, huko kwenyewe, nimekalia leso kwa nyasi. Na nilikua na watoto wangu wawili, msichana alikua na miaka 8 na kijana mitano. Tulitoka Nakuru saa tisa usiku na matatu ya watu wa kanisa, watoto wamefungwa na masweta mawili mawili juu nyinyi mnajua baridi ya Gilgil, chapati nimekunja kwa gazeti, chai kwa thamosi. Bwanangu alikataa kuja. Akaniambia una wazimu wewe, tivii si hii iko hapa mezani, utamuona Kibaki vizuri kuliko huyo amekaa huko nyuma ya mti. Na wacha niseme ukweli hakudanganya. Kibaki hatukumuona. Tulishushwa mbali huko juu barabara zimefungwa, tukatembea mpaka kijana akakataa, nikambeba, tukafika tukakuta watu hadi kwa miti. Tulichoona ni migongo. Migongo na miavuli.

Sasa mtu ataniuliza kwani ulikua unatafuta nini. Wenye walikua Nakuru Januari 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, hawataniuliza. Tulikua tunaishi Kaptembwa. Siku tatu watoto walilala chini ya kitanda, sio kwa kitanda, chini yake, na mimi kwa mlango na sufuria ya maji ya moto, eti nitapigana na watu na sufuria. Baadaye tulipita Showground tukaona zile hema, majirani zetu wengine walikua huko na vitu vyao vyote ni godoro na jiko. Huyo msichana alikua anaelekea miaka sita. Alijua kutofautisha mlio wa risasi na mlio wa mabati kupigwa na jiwe, mtoto wa miaka sita. Kwa hivyo vile katiba ilipita ile tarehe 4 Agosti, kura zaidi ya milioni 6 za Ndio na karibu milioni 2.8 za La, na hakuna mtu alichomewa nyumba, mimi nikasema hawa watoto lazima wapelekwe mahali waone Wakenya wengi wamekusanyika na hakuna mtu anakimbia. Hio tu. Sikua na siasa nyingine.

Sasa sikia. Tuko pale, watu wanaimba, mara mizinga ikapigwa. Ile ya heshima, ya wanajeshi. Mimi mwenyewe nilishtuka lakini nikakumbuka ni sherehe. Kuangalia chini, msichana amelala kifudifudi kwa nyasi, amemvuta mdogo wake amemlalia juu. Hakulia hata. Amefunga macho tu. Kuna mama mmoja kando yetu simjui hata leo akapiga magoti akaanza kumwambia polepole, hii ni ya furaha mama, hii ni ya furaha, hata uliza mama yako. Nikamuinua nikamweka mgongoni pamoja na ule ukubwa wake wote, nikamwambia angalia, hawa watu wote wamekuja juu yako, hio kitu wanasaini huko mbele ni yako.

Hayo maneno ndio yamenirudia.

Juni 2024, mnakumbuka, vijana walitoka kuandamana juu ya ule Mswada wa Fedha wa kuongeza ushuru, hata hapa Nakuru tauni ilijaa. Binti sasa ni wa miaka 22, yuko chuo. Alhamisi ile ya tarehe 20 akaniambia mum naenda. Nikasema huendi. Nikafunga geti nikaficha kifunguo kwa kopo la unga. Akasimama hapo kwa mlango wa jikoni akaniangalia, hata hakupandisha sauti. "Ile siku ulinibeba mgongoni ukaniambia hio kitu ni yangu. Sasa ni ya nani?"

Sikumjibu. Nilikua napanga vikombe, nikaendelea kupanga vikombe.

Tarehe 25 alipitia kwa ploti ya jirani akaenda. Alirudi saa mbili usiku macho mekundu, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo. Nikamuwekea maji ya kuoga, nikamuwekea chakula, hatukuongea. Nashukuru Mungu alirudi juu kuna wamama wenzangu hawakurudishiwa mtoto.

Sasa nyumba imetulia, tunaongea vizuri, tunacheka. Lakini mwaka huu anasema atampeleka mtoto wa dada yangu, wa miaka 7, mahali watu wanaenda kuwakumbuka wale vijana waliouawa na kuweka maua. Mtoto mwenyewe anataka. Dada yangu amesema niamue mimi juu mimi ndio "mtaalam wa kupeleka watoto". Wadau niambieni. Nyinyi mlishapeleka watoto kuona mambo makubwa? Ama mlipelekwa? Ilisaidia kitu ama ni sisi wazazi tunajipendeza?

Kijana wa Free Area

Mathe huyo binti ulimlea poa sana, shida ni amekushinda kwa hoja. Lakini kopo la unga kweli? Kila mtoto Kenya hii anajua kifunguo kiko kwa kopo la unga ama chini ya kitambaa cha tivii 😂

Jakisumo

Mama Wawili pole na hongera kwa pamoja. Ngoja nikupe yangu.

20 Januari 2009, Obama anaapishwa. Sisi huku Kondele hio siku hakuna mtu alifanya kazi ya maana, na kumbuka Novemba tulikua tumeshapewa holidei na Kibaki, tarehe 6, nchi nzima imepumzika eti juu mtu ameshinda kura Marekani. Kwa hivyo vile Januari ilifika tulikua tumeiva. Kuapishwa kule kwao ni saa sita mchana, kwetu hapa inakua saa mbili usiku. Kuna jirani alikua na tivii kubwa akaitoa nje kwa veranda, waya imepita kwa dirisha, watu wamejaa mpaka kwa mfereji. Mimi nikambeba kijana wangu wa miaka 6. Mama yake anasema huyo analala, ana shule kesho, mimi nasema shule itakuwepo hata keshokutwa.

Sasa nilikua nimejiandaa. Nilikua nimemfundisha mchana wote. Nimemwambia huyu baba yake alitoka hapa Kogelo, mahali tunaenda kwa matanga, sio mbali. Nimemwambia huko Marekani wakati Obama anazaliwa 1961, mtu mweusi majimbo ya kusini akienda kujiandikisha kupiga kura anapewa mtihani wa kusoma na kuandika wenye hata karani mwenyewe hawezi pita, anarudishwa nyumbani. Mpaka 1965 ndio sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa. Watu waliandamana, wakang'atwa na mbwa, wakapigwa na maji ya zimamoto, watoto wa shule wakiwemo, huko Birmingham 1963 waliofungwa jela wengi walikua watoto. Nimemwambia yote. Kijana anaitikia ndio baba, ndio baba.

Saa mbili ikifika amelala fofofo begani. Nikamtikisa. Akafungua macho ile saa kamili jaji mkuu anamlisha Obama kiapo, na nyinyi mnakumbuka jaji alichanganya maneno, Obama akanyamaza kidogo akingoja arekebishe, na kesho yake wakarudia ndani ya ikulu ndio kusikue na maneno. Mtoto wangu akaniuliza kwa sauti watu wote wakasikia, "Baba, kwani hajasoma?" Veranda yote ikacheka. Akarudi kulala.

Leo ni mtu mzima. Nikimuuliza unakumbuka nini hio siku ananiambia anakumbuka kuna mama alikua anauza mandazi moto na mimi nilikataa kumnunulia ati tungoje ya mwisho. Mandazi! Masaa yote yale ya historia ya Marekani! Lakini pia kuna kitu aliniambia juzi, kwamba hajawahi kuniona nalia isipokua hio siku. Sikua najua aliona. Mimi nilidhani amelala.

Kwa hivyo sijui nikujibu nini. Wanaona kitu, lakini sio kile umewapeleka kuona.

Na ule utani wetu wa wakati huo bado upo, kwamba ilikua rahisi Mjaluo kua rais wa Marekani kuliko kua wa hapa. Haya tuwache hapo.

Baba Mapacha Salgaa

Samahani mama lakini mimi nitaongea tofauti na wenzangu. Mimi 2010 nilipiga nyekundu, yaani La, na sijutii. Hio Ijumaa nilikua shambani napalilia. Naona nyinyi mlioenda mnaongea kama mlienda hija. Watoto wa miaka 5 na 8 wanajua katiba ni nini? Mnawatumia kupiga picha. Leo unampeleka kwa maua, kesho hapo hapo kunalipuliwa kitoa machozi na mtoto wa watu mkononi. Mtoto wa miaka 7 kazi yake ni kula, kusoma na kucheza. Haki za raia atazikuta akikua.

Mama Wawili

Baba Mapacha sikukasirikii, msichana wangu mwenyewe darasani kwao nusu walikua nyekundu nusu kijani, walikua wanagawana hadi krayoni. Na hapo kwa kitoa machozi ndio pananinyima usingizi.

Lakini kwa kutumia watoto, wacha nikwambie kutumiwa ni nini juu mimi nimetumiwa. Nilisoma shule ya msingi iko karibu na hii barabara kubwa, enzi za Nyayo. Moi akiwa anapita kuenda Kabarak tunatolewa darasani saa mbili asubuhi, tunapangwa kando ya barabara, wafupi mbele, kila mtu na kabendera ka karatasi. Jua linawaka. Hakuna kukojoa. Saa nane msafara unapita shuuu, magari ni meusi na vioo ni vyeusi, hata kama ni Moi ama ni mizigo huwezi jua. Halafu tunarudi darasani tunaambiwa mmemuona Rais. Mimi nikifika nyumbani nilikua nasema nimemuona. Nilikua naongopa na mamangu alikua anajua naongopa.

Kwa hivyo na mimi nimejiuliza sana, Uhuru Park nilifanya kitu tofauti ama ni ile ile tu, hawa wangu pia waliona migongo wakaambiwa mmeona katiba.

Mzee wa Kibuye

Wanangu nimesoma yote. Nitaandika polepole juu hizi herufi za simu ni ndogo.

Mimi nilizaliwa 1960. Tarehe 25 Oktoba 1969 ilikua Jumamosi. Ile hospitali kubwa ya hapa Kisumu, ambayo sisi mpaka kesho tunaiita Russia juu ni Warusi waliijenga, ilikua inafunguliwa rasmi. Mzee Kenyatta anakuja. Jaramogi Odinga, aliyekua makamu wake, atakuwepo, na walikua wameshakosana, Jaramogi ako kwa chama chake cha upinzani, KPU. Na waziri Tom Mboya alikua ameuawa Julai ya mwaka huo huo kwa hivyo watu wa huku walikua na donda bichi. Wakubwa walijua hivyo. Lakini sisi watoto wa shule tulitolewa kuenda kuimba. Tulifundishwa wimbo wiki mbili.

Nilifurahi, sitawaficha. Ilikua mara yangu ya kwanza kuona magari mengi pamoja. Tulikua miguu mtupu wote, tumepakwa mafuta ya kupikia miguu ing'ae. Wimbo hatukuimba. Huko mbele maneno makali yalitupwa na wakubwa, mimi sikuyasikia, nilikuja kuyasoma nikiwa mtu mzima. Nilichosikia ni watu wanapiga kelele halafu risasi. Mwalimu wetu alipiga yowe moja tu, laleni, halafu akakimbia. Simlaumu, alikua kijana, pengine miaka ishirini. Mimi nilikimbia nikajificha kwa matete mpaka usiku.

Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa huku hawajawahi kukubali hio hesabu. Na kulikua na watoto kwa hao waliopigwa, hilo halina ubishi. Siku mbili baadaye Jaramogi alikua kizuizini na KPU ikapigwa marufuku mwezi huo huo.

Kwa hivyo mimi wanangu wote sijawahi wapeleka mahali kuna umati. Hata Obama akija Kogelo 2018 nilikataa, nikawaambia mtaona kwa tivii. Mke wangu alinicheka. Lakini mimi nikiona watoto wamepangwa kwa mstari na kuna magari yanakuja, mwili wangu unarudi kwa yale matete.

Mama Wawili, wewe uliuliza kama ulikosea. Swali langu ni moja tu. Nani atakua amemshika mkono? Sisi hatukua tumeshikwa na mtu.

Jakisumo

Mzee 🙏🏾 Umenyamazisha uzi wote.

Nataka tu kuongeza kwamba hapa Nyalenda, Agosti 2017, yule mtoto wa miezi 6 aliyepigwa na polisi akafa hakupelekwa mahali popote. Alikua ndani ya nyumba, kwa mikono ya mamake, usiku. Kwa hivyo hata hii hesabu ya kufungia watoto nyumbani ndio wawe salama nayo haikamiliki.

Dada wa Malaba

Mimi niko upande wa Mama Wawili na nitawaambia kwa nini, na sio mambo ya kulia haya ni mambo ya karatasi.

Dada yangu aliolewa ng'ambo, Tororo, hapo tu ukivuka. Msichana wake akazaliwa huko 2004. Baba ni Mganda. Ndoa ikaharibika, dada akarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Kwa ile katiba ya zamani mtoto akizaliwa nje, uraia wa Kenya alikua anaupata kwa baba. Mama ni Mkenya wa mama na baba lakini tumbo lake halihesabiki. Akiwa Mkenya ni baba, hapo sawa. Mjomba wetu alizaa na Mganda na watoto wakawa Wakenya bila hata kuulizwa, na huyo mjomba hata hakuwalea.

Katiba ya 2010, kifungu cha 14, ikasema mama ama baba, yoyote, na haijalishi umezaliwa wapi. Na ikasema hio inawahusu hata waliozaliwa kabla. Hayo maneno ya "kabla" ndio yalituokoa sisi. Mamangu hajui kusoma lakini hicho kifungu anakijua kwa nambari, ukimwambia 14 anacheka.

Hatukuenda Uhuru Park, pesa tungetoa wapi. Tulisikiliza kwa redio chini ya mwembe, na yule mtoto wa dada, miaka 6, alikua hapo anamenya maharagwe na sisi. Mamangu akamwambia, "Sasa wewe ni wetu hata kwa serikali." Mtoto akauliza, kwani jana nilikua wa nani?

Wadau, nyinyi mngejibu nini hapo. Mamangu alimpa maembe.

Mtu wa Mau

Nimefurahia hio ya karatasi juu na mimi yangu ni ya karatasi.

Kwanza huku kwetu Mariashoni mtu akisema mizinga sisi tunafikiria nyuki 😂 Mama Wawili nilisoma mara mbili nikashangaa asali imeingiaje Uhuru Park.

Mimi ni Mwogiek. Oktoba 2009 tulipewa ilani, siku 30 mtoke msituni. Msitu ambao babu zetu wamezikwa ndani. Mashirika yakatushika mkono, ya hapa Nakuru na ya nje, kesi ikapelekwa kwa Tume ya Afrika ya haki za binadamu Novemba hio hio, ikatoka huko ikafika Mahakama ya Afrika 2012. Ikakaa, ikakaa. Tarehe 26 Mei 2017 ndio hukumu ikasomwa Arusha. Ilikua mara ya kwanza hio mahakama kutoa uamuzi juu ya haki za watu wa asili. Ikasema serikali imevunja haki zetu za ardhi, dini, utamaduni, na kwamba kisingizio cha kulinda mazingira hakitoshi kutufukuza.

Sasa watu wa huku walipanga kuenda. Mimi nikasema naenda na kijana wangu, miaka 10. Alinisaidia sana, yeye ndio alikua anaenda kuangalia mizinga na babu yake, ya nyuki hio, anajua msitu kuliko mimi. Nikataka asikie kwa masikio yake majaji wakisema kwamba babu yake sio mvamizi. Nimepanga nauli, nimemnunulia viatu.

Kumbe kuvuka mpaka wa Namanga mtoto anataka kibali, na kibali kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti hana. Alizaliwa nyumbani, nyanya yake ndio mkunga. Nikazungushwa kwa ofisi fulani, leo njoo na kadi ya kliniki, kesho njoo na barua ya chifu, keshokutwa mfumo hauko. Siku zikaisha. Mtoto alibaki. Yaani mtoto anayeenda kusikia kwamba ni mwenyeji ameshindwa kuthibitisha alizaliwa. Na mimi nikabaki pia, ningemwacha na uso gani.

Hukumu tulisikia kwa simu. Mtu alipiga kutoka Arusha, tukaweka sauti ya juu, tukakaa kwa mbao nje ya duka, kama watu thelathini tumezunguka kabambe kamoja. Laini ilikua inakatika. Tulisikia "tumeshinda" halafu kimya halafu "tumeshinda" tena, hatukujua kama ni ushindi mmoja ama mbili. Wazee wengine walikaa chini hapo hapo kwa vumbi. Kijana wangu akaninong'oneza, baba naweza enda kumwambia babu? Babu hatembei, ako nyumbani. Nikasema enda. Akakimbia na vile viatu vipya.

Fidia iliamuliwa 2022, shilingi milioni 157.85. Mambo ya utekelezaji tuwache, hio ni uzi mwingine na nitawaharibia jioni. Lakini mtoto wangu ndio aliipeleka hio habari kwa babu yake, sio redio, sio mimi. Namuuliza Baba Mapacha, hapo nilimtumia?

Baba Mapacha Salgaa

Hapo hapana. Hapo umenipata kidogo.

Lakini bado nasema umati sio mahali pa mtoto.

Mwalimu, Kakamega

Nimechelewa, nilikua nasahihisha.

Mimi nafundisha darasa la sita. Sijawahi peleka watoto popote juu basi la shule ni hadithi. Lakini kila mwaka muhula wa pili nasoma nao kifungu cha 53 cha katiba, kile cha watoto. Jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao, matibabu, kulindwa na kuteswa. Nasoma polepole wanaandika. Mwaka fulani msichana mmoja wa nyuma, mnyamavu, akainua mkono. Mwalimu, kama lishe ni haki yangu, mbona jana nilirudishwa nyumbani juu ya pesa ya chakula?

Darasa lote likanigeukia. Na ukweli ni kwamba ile orodha ya kurudishwa, jana yake, niliisoma mimi. Kwa sauti hii hii.

Siwezi sema nilijibu vizuri. Nilisema tufungue ukurasa unaofuata.

Kwa hivyo Mama Wawili usijione peke yako na hivyo vikombe vyako.

Kijana wa Free Area

Mwalimu 😭

Swali kwa mleta uzi, kwani uamuzi ni upi sasa? Na yule mdogo wake, huyo wa miaka 5 aliyelaliwa juu, yeye anasemaje?

Mama Wawili

Nimesoma zote. Ya Mzee wa Kibuye nimeisomea bwanangu kwa sauti na akanyamaza muda, halafu akasema, "Huyo mzee ameuliza vizuri."

Kijana anasema yeye hakumbuki chochote cha Uhuru Park isipokua uzito. Anasema anakumbuka kulaliwa na harufu ya nyasi, na alidhani ni mchezo. Alikua anasema hio stori kama kichekesho miaka yote. Juzi ndio dadake alimwambia haikua mchezo. Waliongea huko nje mpaka usiku, mimi niko dirishani najifanya nafunga pazia.

Halafu kuna kitu nimeenda kutafuta kwa sanduku. Ile nakala ya katiba tuliyopewa bure kabla ya kura, ile ya karatasi laini. Nilijua msichana alikua ameipaka krayoni ya kijani, nikasema nikiipata nitawaambia wadau alipaka kifungu cha 37, kile cha haki ya kuandamana, ingekua stori tamu kweli. Nimeipata. Hakupaka 37. 37 iko safi kabisa, ina alama ya chai yangu. Alichopaka ni Sura ya 12, mambo ya fedha za umma, kurasa mbili nzima, na akachora kuku hapo kando.

Kijana wa Free Area

Mathe ngoja. Sura ya 12 ni mambo ya ushuru na bajeti na kushirikisha wananchi, kifungu cha 201 kiko hapo. Si Mswada wa Fedha ndio uliwatoa hawa nje 2024?? Huyo mtoto alikua amepanga tangu darasa la pili

Jakisumo

😂😂 Na kuku labda naye wangemtoza

Mama Wawili

Hahaha nyinyi mtaniua. Nimemuonyesha, amecheka mpaka akaketi chini, akaipiga picha akatumia marafiki wake.

Uamuzi. Mtoto wa dada yangu ataenda. Lakini tunaenda asubuhi mapema kabla mambo kuchangamka, tunaweka maua, tunasimama kidogo, saa nne tumerudi Kaptembwa. Tauni hatufiki. Mkono mmoja nimeshika mimi na mwingine ameshika binti, na kijana amesema atatembea nyuma, hakusema kwa nini na sikumuuliza. Hata bwanangu anauliza matatu ni ya saa ngapi. Huyu wa kuona kwa tivii.

Binti ameshaweka nguo zake kwa kiti. Nimemwambia avae viatu vya kamba.